Sisi Tuliouona Mpaka Ukifungwa

Sisi tuliozaliwa miaka michache kabla ya Uhuru, upande wa Rombo unaotazamana na Loitokitok na Taveta, tumebaki wachache. Katika umri wetu huu tumetumia shilingi moja na Wakenya na Waganda, kisha tukaiona ikigawanyika kuwa shilingi tatu. Tumepanda treni ya kutoka Moshi kwenda Voi hadi Mombasa, ambayo ndani yake hakuna aliyejali wewe ni raia wa wapi, kisha tukaiona reli yake ikimezwa na nyasi. Tumeuona mpaka ukifungwa kwa siku moja, na tukangoja karibu miaka saba hadi ulipofunguliwa. Natanguliza maneno haya ili kijana anayesoma ajue kwamba ninapozungumzia vitisho vya ushuru kati ya majirani, nazungumza kama mtu aliyeishi ndani ya matokeo yake, na nawasemea pia wenzangu ambao hawapo tena kusema.

Mjadala wa miaka hii naufuatilia kwa makini, redioni na magazetini, na mara nyingine wajukuu hunisomea yaliyo kwenye simu zao. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia uwakala wa kutuma pesa na ufundi wa simu hadi saluni na ununuzi wa mazao shambani, na siku chache tu baadaye wanasiasa wa Nairobi wakaanza kutaja kulipiza. Januari 2024 ilitangazwa kwamba ndege za abiria za Kenya zitasimamishwa kati ya Nairobi na Dar es Salaam kwa sababu ndege yetu ya mizigo ilinyimwa ruhusa kwao. Zikapita siku chache, pande zote mbili zikalegeza. Mwaka 2018 peremende na chokoleti za Kenya zilitozwa ushuru wa asilimia 25 kwa hoja kwamba sukari yake iliingizwa kutoka nje bila kulipiwa ushuru. Oktoba 2017 maelfu ya vifaranga waliovushwa Namanga waliteketezwa kwa moto, na mwezi huohuo ng'ombe zaidi ya elfu moja wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada upande wetu. Nikiyapanga mambo haya mbele yangu sioni nchi moja yenye kosa na nyingine isiyo nalo. Kenya nayo ina sehemu yake, na nitaifikia.

Ninachokiona zaidi ni namna vijana wetu wanavyoyapokea. Wapo wanaoshangilia kila tangazo la kumbana jirani, wakiandika kwamba sasa atatutambua. Wapo pia wasomi wazuri, wengine wao nimewafundisha kusoma na kuandika, wanaosema kwamba ushuru wowote kati ya nchi zetu ni dhambi na kwamba dawa ni kuufuta wote mara moja. Nawaheshimu wote wawili, maana mwenye uchungu na nchi yake na mwenye ndoto ya Afrika Mashariki moja wote wana jambo jema moyoni. Hata hivyo, nadhani wote wanakosa kipande kimoja cha historia, na kipande hicho kimo mikononi mwa kizazi chetu. Tusipokitoa sasa tutakwenda nacho.

Kipande chenyewe ni hiki: ushuru kati ya nchi zetu uliwahi kuandikwa ndani ya mkataba wa undugu wenyewe. Wakoloni waliunganisha forodha ya Kenya na Uganda tangu 1917, na Tanganyika ikaingizwa katika miaka ya 1920. Bidhaa zilipita bila kodi, lakini viwanda, benki na makao makuu ya karibu kila kitu vilirundikana Nairobi, walikokuwa walowezi. Tulipopata Uhuru tukajikuta tunanunua kwa jirani sabuni, nguo, biskuti na viatu, nasi tukimuuzia kidogo sana. Juni 1963 Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Obote wa Uganda walitangaza pale Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha, shirikisho halikuja. Mwaka 1964 walikubaliana Kampala kugawana viwanda, nchi hii ichukue hiki na ile ichukue kile, makubaliano ambayo hayakushika sawasawa. Mwaka 1965 Tanzania ikaanza kuzuia baadhi ya bidhaa za Kenya, na mwaka uliofuata kila nchi ikaanza kuchapa noti zake. Mtu wa leo angesema yale yalikuwa mwisho. Wazee wale hawakuona hivyo. Waliunda tume, wakamwita mtaalamu kutoka Denmark, Kjeld Philip, akaiongoza, wakaketi, wakabishana, na tarehe 6 Juni 1967 wakatia saini Kampala mkataba wa ushirikiano uliounda Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao yake makuu yakiwa Arusha.

Ndani ya mkataba ule mlikuwa na kodi maalumu. Nchi iliyokuwa ikinunua kwa jirani bidhaa za viwandani nyingi kuliko ilizomuuzia iliruhusiwa kutoza bidhaa za jirani huyo, ili kiwanda chake kichanga kipate nafasi ya kusimama. Lakini kodi ile ilifungwa kamba pande zote. Haikuruhusiwa kuzidi nusu ya ushuru uliotozwa bidhaa ya aina hiyohiyo ikitoka ng'ambo. Haikuruhusiwa kudumu zaidi ya miaka 8. Nchi haikuweza kuitoza bidhaa ambayo yenyewe haiitengenezi wala haiko karibu kuitengeneza. Na Kenya, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiuza zaidi, iliketi mezani ikatia saini ikijua kwamba mzigo mkubwa utaiangukia yenyewe. Sijui kama vijana wanaona ukubwa wa jambo hili. Mwenye nguvu alikubali kutozwa na jirani yake kwa kipimo na kwa muda, kwa sababu aliona kwamba jirani anayekauka mfukoni hataendelea kununua. Nilikuwa kijana wa shule ya kati nilipoanza kuona bidhaa za viwanda vyetu zikipangwa rafuni kando ya zile za Nairobi, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyesema kwamba Kenya imetuonea au kwamba sisi tumeionea Kenya. Kodi iliyokubaliwa mezani haikumvunja mtu.

Kilichovunja kilikuwa kingine. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Mwalimu akakataa kuketi naye. Sisi wengi tulimuunga mkono wakati ule, na mimi hata leo siwezi kusema kwamba alipaswa kumpa mkono mtu yule. Lakini Mamlaka ya Marais watatu, chombo cha juu kabisa cha Jumuiya, haikukutana tena. Kuanzia hapo kila mgogoro mdogo ulikosa mahali pa kupelekwa. Fedha za mashirika ya pamoja zikaanza kuzuiliwa kila nchi kwake, reli ikakosa vipuri, bandari zikagombana. Viwanda viwili vya matairi vikajengwa, kimoja Arusha na kimoja Nairobi, wakati soko halikutosha viwili. Malori mazito ya Kenya yaliyokuwa yakienda Zambia yakalalamikiwa kwamba yanaharibu barabara zetu, yakazuiwa. Huku tukawaita Wakenya manyang'au, nao wakatuita maneno yao, na viongozi wakayarudia majukwaani. Mambo ambayo mwaka 1967 yangemalizwa na mawaziri katika chumba kimoja, sasa yalijibiwa kwa hotuba. Januari 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, Kenya ikaanzisha lake, na tarehe 4 Februari 1977, siku moja kabla ya kuzaliwa kwa CCM, Tanzania ikafunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokuwa upande wetu zikazuiwa. Injini na mabehewa yetu yaliyokuwa upande wao yakabaki huko.

Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Kwetu Rombo mpaka ulikuwa mstari wa kwenye ramani ya darasani tu. Akina mama walibeba ndizi na maharage kwenda soko la Loitokitok, wakarudi na chumvi, mafuta na sabuni. Wanaume wengi wa rika la baba yangu walifanya kazi Mombasa na kurudi kwa sikukuu. Mabinti zetu waliolewa Taveta na mabinti wa Taveta waliolewa kwetu. Baada ya Februari ile yote hayo yakawa magendo. Mama yangu mdogo alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, na alipofariki habari zilitufikia kwa mtu aliyepita usiku. Mama alijitanda kanga mbili, akaondoka giza limeingia na mtoto wa jirani anayejua njia za mashambani, akakaa matangani usiku mmoja, akarudi kabla ya alfajiri ili asikutwe na askari wa doria. Alikwenda kumzika ndugu yake wa tumbo moja kama mwizi. Hakulalamika. Alipofika nyumbani alikoka moto, akatutengenezea uji, akatuambia nani alikuwapo na nani hakuwapo, kisha akaenda kulala. Kizazi cha mama yangu na kizazi chetu kilichukulia taabu namna hiyo, na nataka vijana waelewe kwamba ukimya ule haukuwa dalili ya kuridhika.

Miaka ile ilitukuta pia na vita vya Kagera, vilivyoanza mwishoni mwa 1978, na bei ya mafuta iliyopanda dunia nzima, na ukame. Nitakuwa sijatenda haki nikisema kwamba kila upungufu ulitokana na mpaka. Lakini kiwanda cha sabuni kilichokuwa karibu nasi kuliko vyote kilikuwa upande wa pili, na sabuni ndiyo niliyoikosa zaidi nikiwa mwalimu. Mche mmoja ukipatikana, mke wangu aliufunga uzi akaukata vipande vyembamba, kimoja cha nepi za mtoto, kimoja cha kuogea, na kimoja kilichofichwa kwa ajili ya shati langu jeupe la kufundishia. Kikiisha tulifulia majani ya mpapai. Shati hutakata, ila hugeuka rangi kidogo kidogo, na walimu wote wa shule yetu tulisimama mstarini asubuhi na mashati ya rangi ileile. Duka la kijiji lilipoletewa sukari, foleni ilipangwa tangu usiku, na aliyeshindwa kukesha aliweka jiwe au kopo mahali pake. Watu waliliheshimu jiwe la mtu. Mwaka 1983, ilipoanza kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa mtoni bidhaa ambazo walizitamani miaka mingi, kwa kuogopa kuulizwa wamezipata wapi. Na kahawa yetu, jasho la kijiji kizima, ilikuwa ikivushwa usiku kwenda upande wa pili kwa aliyelipa vizuri zaidi, hivyo hata serikali iliyofunga mpaka ilikuwa ikipoteza fedha za kigeni kupitia tundu za mpaka huohuo.

Wenzetu wa Kenya nao walilipa, ingawa mara nyingi hatukuambiwa. Viwanda vyao vilipoteza soko la Tanzania na njia ya Zambia kwa pamoja. Watalii waliokuwa wakitoka Nairobi moja kwa moja kwenda Serengeti walikatiwa safari, na hapo tuliumia pamoja. Watu wa Taveta walikosa ndizi na vyakula vyetu, na nimesimuliwa na rika langu wa huko, tulipokutana miaka mingi baadaye, kwamba nao walikuwa na njia zao za usiku na hofu zao za askari. Tuliketi siku nzima tukilinganisha tuliyoyapitia, tukaona kwamba tulikuwa tumeishi maisha yaleyale tukitenganishwa na mwendo wa saa moja.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, Moi, Nyerere na Obote walipokutana Arusha. Hata hivyo, mali ya Jumuiya ilikuwa haijagawanywa kikamilifu, na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alikuwa amehangaika nayo miaka kadhaa. Mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Meli mbili pacha za kubeba mabehewa katika Ziwa Viktoria, Uhuru na Umoja, ziligawanywa kama watoto wa wazazi walioachana. Ya kwanza ikabaki Kenya, ya pili ikaja kwetu. Wafanyakazi waliotumikia reli, posta, bandari na ndege za Jumuiya, watu wa rika langu na wakubwa wangu, walidai mafao yao hadi karne mpya ilipoingia, na wengine walizikwa madai yao yakiwa bado kwenye bahasha. Kufunga mpaka kulichukua tangazo moja. Kufungua kulichukua miaka, mtu wa kutoka Ulaya, na mahesabu ya mpaka vijiko vya kwenye mabehewa ya kulia chakula.

Nawaambieni haya kwa fahari pia, kwa sababu kizazi hikihiki ndicho kilichorudi mezani. Novemba 30, 1999, Mkapa, Moi na Museveni walitia saini Arusha mkataba mpya, ukaanza kutumika Julai 2000. Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, viongozi wetu walikuwa hawajasahau somo la 1967. Bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru, lakini baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru zilipokuja kwetu, ushuru uliopungua mwaka hadi mwaka hadi ukaisha 2010. Mara ya pili Kenya ilikubali kutozwa na jirani kwa kipimo na kwa muda. Wengi waliosema wakati ule kwamba tutamezwa na viwanda vya Nairobi wangepaswa kutazama takwimu za 2021, mwaka ambao Tanzania iliiuzia Kenya bidhaa za thamani kubwa kuliko ilizonunua kwake. Mahindi, mchele, machungwa ya Muheza, vitunguu vya Mang'ola: malori yanakwenda kaskazini yamejaa. Rika langu halikuota kwamba litaliona jambo hilo kabla ya kufa.

Kwa hiyo nilipofika Namanga Machi 2021 nikakuta malori ya mahindi yamepangwa kando ya barabara, nilihuzunika kuliko nilivyohuzunika miaka ile ya upungufu. Tarehe 5 mwezi ule mamlaka za Kenya zilikuwa zimezuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti: mwagizaji ajisajili, mzigo uwe na cheti, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sumukuvu ni jambo la kweli, huua watu, na mama yeyote anayeanika mahindi anajua hatari ya unyevu. Sina ugomvi na kipimo. Niliona mkaguzi akipanda juu ya lori na bambo, akilichoma gunia moja baada ya jingine, punje zikimiminika kiganjani mwake, anazinusa, anazitia kwenye bahasha ya sampuli. Ile ilikuwa kazi halali na aliifanya kwa adabu. Kilichoniuma ni wale madereva waliokuwa chini ya malori yao, wakipika kwa majiko ya mkaa, ambao walipakia mzigo siku ambayo sheria ilikuwa moja wakafika mpakani siku ambayo sheria ilikuwa nyingine. Kijana mmoja kutoka Kibaigwa aliniambia kwamba mzigo ule ni wa watu wengi waliochangishana, na kwamba kila asubuhi wanampigia simu na hana la kuwajibu.

Tofauti ya zama hizi na zama zetu ilionekana wiki chache baadaye. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akapokewa na Rais Uhuru Kenyatta, akahutubia mabunge yao mawili, na mahindi yaliyokwama yakaagizwa yaachiliwe katika muda mfupi. Mgogoro ambao zamani ungeweza kula miaka ulikula wiki, kwa kuwa viongozi waliketi. Aprili 2025 niliona jambo la namna hiyo kusini: Malawi ilikuwa imezuia baadhi ya mazao yetu, nasi tukajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, na baada ya siku chache mazungumzo yakaondoa zuio letu. Mpaka wa Namanga wenyewe, tangu Desemba 2018, una kituo kimoja ambamo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Mimi niliyekuwa nikiwaogopa askari wa doria nimeingia humo nikiwa na kitambulisho changu cha taifa, nikahudumiwa kwa kiti na kwa neno la heshima. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 anaandikiwa cheti chepesi cha uasilia palepale mpakani na anavuka. Mama yangu angekuwa na cheti kile angekwenda sokoni mchana.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza ninaposikia vijana wenye akili wakisema kwamba vitisho hivi ni siasa tu, kwamba vitapita kama vilivyopita vingine. Kitisho hakipiti bila kuacha kitu. Kitunguu hakingoji waziri abadili kauli. Kinaota au kinaoza. Mnunuzi wa Nairobi aliyekwama mara mbili hutafuta mkulima mwingine, na hata amri ikifutwa haji tena kwa idadi ileile. Mkenya mwenye duka la simu Arusha, na Mtanzania mwenye kibanda cha nguo Nairobi, wote huanza kuficha fedha badala ya kuziweka kwenye bidhaa. Na yule anayetoa kitisho, akishapigiwa makofi mara moja, hulazimika mara ya pili atoe kikubwa zaidi. Katika miaka ya sabini hakuna kiongozi aliyelala akapanga kuvunja Jumuiya. Kila mmoja alijibu tu kauli ya mwenzake, na kila jibu lilikuwa na sababu nzuri.

Sisemi kwamba Tanzania isilinde wafanyabiashara wake wadogo, wala kwamba Kenya isilinde wakulima wake wa mahindi na wafugaji wake wa kuku. Kijana wetu aliyejifunza ufundi wa simu na akakosa mahali pa kuweka meza ana haki ya kulalamika, na serikali ina wajibu wa kumsikia. Lakini nchi zetu zina njia: Baraza la Mawaziri la Jumuiya, mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, Bunge la Afrika Mashariki, na utaratibu wa kuripoti na kuondoa vikwazo visivyo vya kikodi. Vyombo hivi ni vya polepole na vinachosha, najua. Vya mwaka 1967 navyo vilikuwa hivyo. Tuliviacha kwa sababu vilichosha, tukapata miaka ya majani ya mpapai.

Kwa ninyi mnaoshika nafasi sasa, mawaziri, wabunge, viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wa pande zote mbili, wengi wenu wadogo kuliko watoto wangu, naomba jambo moja linaloweza kuandikwa kwenye sheria bila kumgharimu mtu uchaguzi. Tozeni mkitaka kutoza. Kagueni, pimeni, wekeni masharti, na muwe wakali katika masharti hayo. Ila kila amri mpya juu ya bidhaa ya jirani itolewe na tarehe ya mbele, ijulikane mpakani na mashambani kabla haijaanza, na mzigo uliokwisha kupakiwa siku ya tangazo uruhusiwe kufika kwa sheria iliyokuwapo ulipopakiwa, kwa vipimo vilevile vya afya. Hilo lingekuwapo Machi 2021, mkaguzi angeendelea na bambo lake, mahindi yenye sumukuvu yangekataliwa kama inavyotakiwa, na yule kijana wa Kibaigwa angekuwa na jibu la kuwapa watu wake asubuhi ileile.